Shule Ina Wenyewe: Maswali na Majibu Kuhusu Wageni wa Ng'ambo Bukoba na Muleba

Kila mwaka magari ya kanisa hupanda vilima vya Muleba yakiwa yamebeba wageni kutoka Ujerumani, Sweden, Marekani na kwingineko, wanaokuja kuziona shule ambazo sharika na parokia zao zimekuwa zikizichangia. Kuna ziara zinazoacha baraka na kuna zinazoacha manung'uniko. Mwalimu aliyetumikia elimu ya kanisa mkoani Kagera kwa muda mrefu anajibu hapa maswali ya wenyeji, ya Watanzania wa ughaibuni wanaowaleta wageni hao, na la mwanafunzi mmoja.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kamachumu, naishi Marekani. Usharika ninaoabudia huku unataka kuja kuiona shule ya kanisa nyumbani. Nianzie wapi?

Marahaba, ndugu yangu. Anza na barua, na barua hiyo iende dayosisini. Najua namba ya mkuu wa shule unayo, huenda hata mlisoma pamoja, na ukimtumia ujumbe leo atakujibu leo. Lakini shule ya kanisa si mali ya mkuu wa shule. Ikiwa ni ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, ofisi ya dayosisi ipo Bukoba mjini. Ugeni upite hapo, ushuke kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa mchungaji wa usharika ulio jirani na shule. Ikiwa ni ya Wakatoliki, Jimbo la Bukoba lina utaratibu wake, na paroko asije akasikia habari za ugeni kutoka kwa waumini baada ya misa. Ukiruka ngazi, anayelaumiwa ni mkuu wa shule, wala si wewe uliye mbali.

Barua iseme mko wangapi, mnafika lini, mtakaa kwa muda gani, nani atalipia chakula na mafuta ya gari, na mnakuja kufanya nini. Hilo la mwisho ndilo zito. Kuja kuona tu kunatosha kabisa, mradi barua iseme hivyo. Shida huanza pale barua inaposema "kuona", kumbe kikundi kimeshagawana vipindi vya kufundisha Kiingereza. Viza ya matembezi haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi, hata kama ni ya kujitolea na hana senti anayolipwa. Anayekuja kufundisha atafutiwe kibali kinachofanana na kazi yake. Anayekaa muda mrefu, awe mmisionari au mtu wa kujitolea, kwa kawaida huombewa kibali cha ukaazi daraja C, na anayeomba ni kanisa mwenyeji. Mambo hayo yanataka miezi, kwa hiyo msiyaache hadi tiketi zimekatwa.

Tena mnao waliowatangulia. Sinodi ya Saint Paul, kule Minnesota, na Dayosisi ya Iringa wana ushirika unaoitwa Bega kwa Bega tangu miaka ya 1980, usharika wa huku umefungamana na usharika wa kule. Watafuteni muwaulize walikojikwaa.

Tuje lini?

Tazama kalenda ya mitihani kabla ya kutazama bei ya ndege. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba. Kidato cha nne na cha pili ni Novemba, kidato cha sita ni Mei. Katika wiki hizo mwalimu hana nafasi ya kumtembeza mtu, na mtoto hana haja ya kuchunguliwa dirishani. Juni na Desemba shule zimefungwa, mtakuta madawati na mlinzi. Zinabaki Februari, mwisho wa Julai na Agosti. Machi hadi Mei ni masika, na mkumbuke kwamba Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Basi dogo likinasa kwenye matope ya njia ya kijijini, wanaolisukuma ni wanafunzi wa kidato cha tatu waliotolewa darasani.

Na njia je? Wageni wetu wengine ni wazee.

Kuna ndege za kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Kuna meli ya MV New Victoria inayovuka usiku kutoka Mwanza kupitia Kemondo, na kwa mzee anayependa utulivu mimi ningeichagua hiyo. Wanaoshukia Entebbe huingia kwa barabara kupitia Mutukula. Hao wawe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana mpakani kitadaiwa. Walale ndani ya chandarua, kwa kuwa Muleba malaria ipo. Na waambiwe mapema juu ya kichocho, wasiingie ziwani hata kama ufukwe wa Bukoba unawaita.

Wageni huuliza shule hizi zilianzishwa na nani. Sisi walimu vijana tunajibu "wamisionari" tukaishia hapo. Tuseme nini zaidi?

Mwalimu mwenzangu, swali hili nimelisubiri. Jibu la neno moja linamfanya mgeni aamini kwamba babu zake walikuja wakakuta patupu, na kwamba yeye anakagua urithi wake. Mpeni historia nzima.

Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini ya Bukoba, mwaka 1892. Walutheri wa Misheni ya Bethel kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walifika mwaka 1910. Lakini kabla ya hao wa Bethel walikuwepo Wahaya waliojifunza kusoma na kuipokea Injili upande wa Buganda, wakarudi nyumbani wakawafundisha jirani zao, na baadhi yao walipata misukosuko kwa ajili hiyo. Wajerumani hao walipotia mguu Bukoba walikuta tayari watu wenye vitabu mkononi. Hiyo ndiyo mizizi ya shule zetu: wenyeji walitaka kusoma.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Wajerumani waliondolewa kwenye misheni zao na Wasweden wakaja kuziba pengo. Mmoja wao, Bengt Sundkler, ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mwaka 1961. Wageni wa Ulaya walipopungua hivyo, shule za vijijini ziliendelea kusimama juu ya mabega ya walimu na wainjilisti wa Kihaya, wengi wao wakilipwa kidogo sana, na juu ya wazazi waliochangia kahawa, ndizi na nguvu zao. Majina ya watu hao hayamo kwenye vibao vya shaba ukutani. Kama shule yenu ina mzee anayewakumbuka, mwalikeni siku ya ugeni, mpeni kiti cha mbele, azungumze yeye kabla ya mkuu wa shule.

Kisha waonyesheni matunda. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo mwaka 1912 na kupita Seminari ya Rubya, alifanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi. Kaburi lake liko ndani ya kanisa kuu la Bukoba. Josiah Kibira alimpokea Sundkler uaskofu mwaka 1964, na mwaka 1977, mkutano ukiwa umefanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Naye alikuwa Mwafrika wa kwanza. Mmoja wa Kikatoliki, mmoja wa Kilutheri, wote wawili wametoka kwenye shule za misheni za kona hii moja ya nchi. Mgeni akilisikia hilo, hata namna anavyomtazama mtoto wa kidato cha kwanza inabadilika.

Kuna jambo moja linalowachanganya. Mgeni anakuja na picha ya zamani ya shule iliyojengwa na kanisa lake, anaifikia, anakuta ni ya serikali. Mweleze kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule zilizokuwa zikipata ruzuku kuwa za umma, ndipo Ihungo ya Wakatoliki na Kahororo ya Walutheri zikaondoka mikononi mwa makanisa, huku seminari kama Rubya zikibaki. Nia ilikuwa mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake, na nia hiyo mimi naiheshimu. Makanisa yalirudi kufungua sekondari zao baadaye, na mwaka 1992 yakatiliana saini na serikali hati ya maelewano juu ya huduma za elimu na afya. Ihungo nayo iliangushwa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, ikajengwa upya. Kwa hiyo majengo anayoyaona mgeni leo siyo yale ya kwenye picha ya babu yake.

Mgeni wetu amesoma kuhusu "ugonjwa wa kicheko" wa Kashasha na anataka apelekwe akaone mahali ulipotokea. Ni kweli ulitokea? Tumpeleke?

Ulitokea. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, wasichana watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Kwa wengine kilidumu saa chache, kwa wengine siku nyingi, wakichanganya kucheka na kulia, na wakihangaika mno. Walimu hawakushikwa. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudishwa makwao, na huko Nshamba watu 217 nao wakapatwa. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala kijidudu. Waliandika juu yake mwaka 1963, na tangu hapo habari hiyo imezunguka dunia, mara nyingi ikisimuliwa kama kichekesho.

Mimi inanihuzunisha inaposimuliwa hivyo. Walikuwa wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, chini ya sheria kali za bweni, na nchi ilikuwa na wiki chache tu tangu uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Wataalamu wengi wanaona ulikuwa mfadhaiko uliotafuta mlango wa kutokea. Baadhi ya wasichana hao leo ni bibi za watu humo humo Muleba. Usimpeleke mtu kupiga picha. Akitaka kujifunza kitu, mketishe na matroni wa shule yenu, amuulize mtoto wa bweni akilia usiku anamwendea nani, na shule ina mshauri wa wanafunzi au haina. Kama haina, hapo ndipo penye mchango wa maana kuliko rangi ya ukuta.

Kila wakija wageni tunasimamisha masomo, tunachinja mbuzi, tunawapanga watoto barabarani tangu saa mbili. Gharama zinatuumiza, lakini tukiacha tutaonekana hatuna adabu. (Mkuu wa shule, Muleba)

Mkuu, pole. Sikuambii uache ukarimu. Mhaya kumpokea mgeni ni sehemu ya utu wake, na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo haigharimu kitu. Itoe hiyo. Mgeni achukue punje, aambiwe namna zinavyochemshwa na kukaushwa, atafune pamoja nanyi. Kwaya iimbe nyimbo mbili. Baada ya hapo kengele ilie, watoto waingie darasani.

Mgeni aingie nao, akae dawati la nyuma kipindi kizima, dakika zote arobaini, bila kukatiza. Aone mwalimu mmoja wa fizikia akifundisha vidato vinne. Aone jaribio la kemia ambalo watoto ishirini wanalizunguka, mmoja ameshika bureti, wengine wananyoosha shingo. Mchana ale walichopikiwa wanafunzi. Ikiwa ni makande, ale makande, asimame kwenye foleni na sahani yake. Apitishwe jikoni auone moshi na lundo la kuni, amuulize mpishi zinatoka wapi na zinakwisha kwa siku ngapi. Jioni wapeni wanafunzi nusu saa wamuulize wao. Nimeona watoto wa Bukoba wakimuuliza mgeni kwa nini makanisa ya kwao yanaelekea kubaki na wazee, na nimeona mgeni akifikiri muda mrefu kabla ya kujibu. Hakuna ngoma iliyowahi kumpa zawadi kubwa kuliko ile.

Na mbuzi? Mchinjeni siku ya mahafali, wale watoto.

Wanataka kuleta masanduku ya nguo na kompyuta zilizotumika. Tukatae?

Kataeni kwa upole, na mapema. Niliwahi kufunguliwa stoo ya shule moja ambamo mlikuwa na mashine za kuchapa ambazo wino wake haupatikani nchini, vifaa vya umeme vya volti 110 vilivyoungua siku ya kwanza kwa sababu wetu ni wa volti 230, na masanduku ya vitabu vya historia ya Marekani ambavyo havina hata swali moja kwenye mtihani wetu. Mkuu wa shule hakuthubutu kuvitupa, akihofia wafadhili wakirudi wataviulizia. Shule ilikuwa inatunza chumba kizima kwa ajili ya huruma ya watu wengine, na darasa la jirani lilikuwa na watoto wanaobanana.

Bodi ya shule ikae, iandike mahitaji yake kwa mpangilio, na bei za Bukoba mjini pembeni. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu. Kemikali za maabara. Taulo za kike kwa mwaka mzima. Tenki na mifereji ya bati, kwa maana ni aibu mahali penye mvua kama hii watoto kushuka bondeni na ndoo. Jiko banifu. Posho ya mwalimu wa hisabati. Nguo tunazo, na fundi wa kushona sare yupo Muleba mjini, naye ana watoto anaowalipia ada.

Fedha ipite benki, kwenye akaunti ya shule au ya dayosisi, na stakabadhi itolewe. Mgeni asimpe mwalimu bahasha, wala asimpe mtoto noti. Hili msilionee haya kulisema, hata kama mgeni ni askofu.

Mwanangu alionekana kwenye picha ya kuomba michango huko Ulaya. Hatukuulizwa. Tuna haki gani? (Mzazi, Bukoba)

Haki mnayo, mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha na heshima ya mtoto, na tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inaihusu hata sura ya mtoto wako. Andikia shule, nakala dayosisini, uombe picha iondolewe. Mna haki ya kujibiwa kwa maandishi. Na shule zote zinazosoma hapa: fomu ya ridhaa ya picha isainiwe na mzazi siku ya kuripoti kidato cha kwanza, mgeni apewe orodha ya wasiopigwa picha kabla hajatoa simu mfukoni. Bwenini haingii mtu na kamera, kabisa, na hakuna mgeni anayebaki peke yake na mtoto, awe mwanamke au mwanamume, awe mchungaji au daktari.

Shikamoo Mwalimu. Mimi nasoma kidato cha pili. Mgeni mmoja alinipenda, akasema atanisomesha hadi chuo kikuu, akaniomba namba ya simu ya nyumbani. Nilimpa. Sasa miezi imepita. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Kwanza, hukukosea kutumaini. Mtu mzima alikuambia jambo, ukamwamini, ndivyo ulivyolelewa. Mwambie matroni na mkuu wa shule kila kitu, pamoja na namba uliyotoa. Mwambie na mzazi au mlezi wako. Mgeni akipiga simu, mlezi ndiye aongee naye.

Nyie mliozaliwa juzi hamkuona, lakini mkoa huu ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watoto wengi sana walibaki na bibi zao. Dayosisi ya Kilutheri ikaanzisha huduma ya watoto inayoitwa HUYAWA. Funzo la miaka hiyo ni kwamba msaada wa shule unadumu unapopita kwenye chombo: mfadhili anachangia mfuko, mfuko unalipa ada, mfadhili akiugua au akifa mtoto haachi shule. Ahadi ya mtu mmoja kwa mtoto mmoja chini ya mti wa uwanja wa shule haina mikono ya kuipokea ikianguka. Muombe mkuu wa shule amwandikie mgeni huyo kupitia dayosisi. Akijibu, ashukuriwe na aelekezwe kwenye mfuko. Asipojibu, wewe una daftari lako, una mtihani wa kidato cha pili Novemba, na una watu wanaokujua kwa jina hapo hapo shuleni. Soma, mwanangu.

Wageni walikuja, wakalia, wakatukumbatia, wakaondoka. Hatujasikia neno tena. Tulikosea nini?

Pengine hakuna mlichokosea. Machozi ya siku ya kuagana ni ya kweli siku ile. Lakini uhusiano wa makanisa hauendeshwi na machozi, unaendeshwa na barua. Ndani ya mwezi mmoja baada ya ziara, shule iandike: haya ndiyo mliyoyaona, hivi ndivyo mchango wenu ulivyotumika hadi shilingi ya mwisho, na haya ndiyo ambayo hatukuyapenda. Ndiyo, hata hayo.

Na ziara isiwe ya upande mmoja. Mwaka 1996 Misheni ya Wuppertal, Ujerumani, iliyobeba urithi wa Bethel, iligeuka kuwa umoja wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ni mwanachama, ana kiti na kura kama wao. Basi na shule zetu zikae hivyo. Mwalimu wa Muleba akakae dawati la nyuma kule Ujerumani, aulize maswali yake, ale kinacholiwa na wanafunzi wa kule. Msiogope kulidai hilo. Mwakani mkiletewa barua ya kuomba kuja, wajibuni kwa kuwapa tarehe mnazoweza kuwapokea, na majina ya walimu wawili mnaotaka wao wawapokee.